Kasoro ya Baiskeli Nyekundu

Kaka yangu alikuwa na kanuni moja ya kusoma majarida ya baiskeli, na aliitoa kwa sauti nzito ya mchungaji anayetangaza ndoa kanisani: mtu akikisifu kitu bila kutaja kasoro hata moja, huyo hajakipanda.

Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kazi kwenye duka la fotokopi mjini, karibu na River Road. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya mashine mchana kutwa akivuta harufu ya wino wa moto. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, mama alifundisha shule ya msingi, na sisi watatu tuliishi Riruta kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, mfereji wa maji katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vya watu. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haja ya baiskeli ya milimani. Milima yenyewe tuliiona kwa mbali, ile ya Ngong, asubuhi ambazo hazikuwa na ukungu.

Ugonjwa ule wa baiskeli aliutoa barabarani. Njia yake ya kwenda stegi jioni ilipita katikati ya wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza gunia kando ya barabara na kupanga mali yao chini, hata mnunuzi hana budi kuinama. Watu wa Nairobi, ambao hawakosi jina la kitu, wanayaita maduka ya inama. Hapo ungepata vitabu vya kompyuta zilizokufa zamani, Biblia za watu waliookoka mara mbili, riwaya zisizo na jalada, na majarida ya ng'ambo yaliyotufikia yakiwa yamechelewa miaka kadhaa, bado yana mihuri ya maktaba za watu. Wenzake waliinamia majarida ya mpira. Yeye akainamia la baiskeli, kwa sababu lilikuwa la rangi nyingi na hakuna aliyekuwa akiligombania.

Tulilisoma tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango wetu. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chake na sikuacha asahau, kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti na yeye akatoa hukumu. Makala nyingi ziliandikwa na mzungu mmoja mwenye ndevu, ambaye kila picha alikuwa na tope usoni na anacheka. Alikabidhiwa baiskeli mpya, akaipeleka msituni kwao, akaipandisha, akaiteremsha, akaiangusha, kisha akarudi kutuambia. Tulimwita Mjomba. Sijui alikuwa akisema juu ya nini nusu ya wakati, lakini nilimpenda, na nilimpenda zaidi kwa sababu alikuwa na kawaida ya kunong'ona: hii breki ni nzuri, ila mvua ikinyesha usiitegemee sana.

"Unaona?" kaka yangu aliniambia. "Huyo amepanda."

Ndipo tukafika kwenye ile nyekundu.

Ilichukua kurasa mbili nzima, imeegemezwa kwenye mti wa msonobari, nyekundu ya pilipili iliyoiva. Mjomba aliisifu mpaka nikaona aibu kusoma mbele ya majirani. Ilikuwa nyepesi. Ilipanda mlima kama inajua njia. Iliteremka bila kutetemeka. Mwisho wa ukurasa akaandika kwamba hajapanda baiskeli nzuri kama hiyo mwaka mzima, na kwamba ina kasoro moja tu, nayo ni. Basi. Nikafunua, nikakuta tangazo la viatu. Ukurasa uliofuata ulikuwa umekatwa kwa wembe, taratibu kabisa, na mtu aliyetaka picha ya upande wa pili.

Kaka yangu alilichukua jarida akalikung'uta, kana kwamba kasoro ingeanguka chini. Kesho yake alimrudia muuzaji, naye muuzaji akamwambia, "Boss, page moja haiwezi kukusumbua. Si hiyo ingine yote iko?"

Kwa hiyo tukabaki na kitendawili. Jioni baada ya jioni tulijaribu kukitegua. Yeye alidhani ni mnyororo. Mara akasema ni kiti, kwa kuwa wazungu hawana makalio na hawawezi kujua kiti kizuri. Mimi nilikuwa na jibu moja, sikulibadilisha kamwe.

"Haina keria."

"Siz, huko hakuna keria. Huko hawabebani."

"Ndiyo kasoro yenyewe."

Alinicheka mpaka akashika mbavu. Lakini nilikuwa nimeshayapekua majarida yote aliyoleta, na kwa wakati huo yalikuwa rundo, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao Mjomba alieleza mtu wa pili anakaa wapi. Alipima uzito wa kila kitu, hata wa pedali. Hakupima hata siku moja uzito wa dada ya mtu.

Mama alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la tano nyuma yetu, na alidhani tunakufuru. "Asifuye mvua imemnyea," alitwambia bila kuinua macho. "Huyo mzungu amekwenda, ameona. Nyinyi mmekaa kwa ngazi mnabisha."

"Sawa, mum," kaka yangu akasema. "Lakini kama ilimnyea, angetaja matope."

Siku nyingine aligundua jambo lililomfurahisha na kuniudhi. Kila baiskeli iliyosifiwa bila doa, ukifunua kurasa chache mbele ulikuta tangazo la kampuni iliyoiunda, ukurasa mzima, rangi zote. Akaniwekea kidole pale. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. Nilimtetea Mjomba mpaka nikatokwa na machozi, jambo la kijinga, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nilimwambia huyu ana watoto pengine, ana kodi ya nyumba kama sisi. Kaka yangu akalegea.

"Sijasema ni mtu mbaya," akasema. "Nimesema amekula kwao. Mtu akikula kwako hawezi kusema chumvi imezidi."

Kisha baiskeli ya kweli ikatokea. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa mpishi wa familia fulani ya kizungu huko Karen, na watu hao walikuwa wanarudi kwao. Walitoa vitu vyao vyote kwenye nyasi kuviuza, viti, mapazia, sufuria, na watu wakaingia getini kuchagua. Kulikuwa na baiskeli. Tukaenda Jumamosi, kaka yangu amevaa shati la kanisani ili aonekane mnunuzi wa heshima.

Haikuwa ile nyekundu. Ilikuwa ya kijivu, lakini ya kampuni ileile, kama mdogo wake wa tumbo moja. Na tulikuwa tumeshaisoma. Mjomba aliitolea kisanduku kidogo pembeni mwa ukurasa: nyepesi, tiifu, jasiri kwenye mteremko. Kasoro hakutaja. Kwa kanuni yake mwenyewe, kaka yangu alipaswa kugeuka arudi nyumbani. Badala yake aliishika usukani, akaitazama kama mtu anayetazama mchumba, na kanuni akaitia mfukoni. Alitumia akiba yake yote. Kisha akaondoka nayo kwa Ngong Road, ameinama, shati limejaa upepo, na mimi nikarudi na mpishi kwa gari, nimepakata pampu ya baiskeli.

Wiki ya kwanza ilinyesha. Ile baiskeli haikuwa na madigadi, maana Mjomba na wenzake walikuwa wakijivunia tope, na kaka yangu alifika nyumbani na mstari mwekundu wa tope kutoka kiunoni hadi kwenye kola, umenyooka kama wa fundi rangi. Mama alilisugua shati lile kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikakunjamana. Kaka yangu alilitoa jarida chini ya godoro, akamtazama Mjomba kwenye picha. "Wewe hukunyeshewa," akamwambia.

Lakini hiyo ilikuwa kasoro ndogo. Kasoro kubwa ilionwa na ploti nzima siku ileile ya kwanza. Pale kwetu baiskeli ikiingia, hakuna anayeuliza ina gia ngapi. Wanauliza inabeba nini. Jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyetoka upande wa magharibi ambako baiskeli ndizo zilizokuwa zikisafirisha watu, aliizunguka mara mbili, akainama, akatazama nyuma ya kiti.

"Iko sawa," akasema. "Sasa bibi anakaa wapi?"

"Sina bibi," kaka yangu akamjibu.

"Basi dada yako anakaa wapi?"

Nilimpenda jirani yule maisha yangu yote kwa swali hilo.

Tulijaribu bomba la mbele, la kati ya kiti na usukani, lakini lilikuwa limeinama kama mteremko wa paa. Niliteleza, nikamwangukia kifuani, yeye akauangukia ua wa michongoma, na watoto wa ploti wakapata la kucheka mwezi mzima. Basi ikaamuliwa: baiskeli itatiwa keria. Haikuwa hata shauri. Mama alisema baiskeli bila keria ni nyumba ambayo haijapigwa mlango, na kila mtu aliyepita na ndoo yake ya maji alikubali.

Sababu yangu ilikuwa Kinoo. Shosho yetu, mama yake mama, aliishi huko peke yake kwenye kipande cha shamba, na kila Jumamosi mmoja wetu alimpelekea unga na dawa zake za presha, akarudi na sukuma wiki na parachichi. Kaka yangu aliniahidi kwamba keria ikishawekwa tutakwenda wawili. Tungefuata Naivasha Road mpaka Uthiru, kisha tungechukua kando ya Waiyaki Way, upepo usoni. Niliitamani safari ile kuliko nilivyowahi kutamani nguo au chakula. Kaka yangu alikuwa ameanza kuwa mtu wa mjini, na Jumamosi zake zilikuwa zinapungua. Niliona kwamba nikiwa nyuma yake nimemshika kiunoni, hangeweza kwenda popote bila mimi. Nilichukua sketi ya shule iliyonibana nikaikata, nikaijaza sponji, nikashona kamto ka kukalia. Nilikapiga nyuzi mara mbili pembeni, kasije kakapasuka Uthiru.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mtu wa kanisa letu. Geti la ploti lilikuwa kazi yake, madirisha yetu kazi yake, hata lango la kanisa lenyewe. Aliitengeneza keria ya nondo nyembamba, akaipinda kwa ustadi, akaipiga rangi nyeusi, ikapendeza kuliko baiskeli. Kisha akailaza baiskeli chini, akavaa miwani yake, akaomba, kama alivyoomba kabla ya kila kazi, na akawasha.

Badala ya chuma kushikana na chuma, bomba la baiskeli lilizama. Lililainika kama mshumaa, likadondosha tone moja linalong'aa, na moshi ulipoondoka palikuwa na tundu ambalo ningeingiza kidole. Fundi alivua miwani, akatazama, akavaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Hakuwahi kukutana na bomba la namna ile. Sisi tulikuwa tumekutana nalo. Mjomba alikuwa ameandika neno aluminiamu karibu kila ukurasa, akilisifia wepesi wake, na mimi nililisoma kwa sauti mara nyingi kwa kujidai. Ilikuwa sifa tu masikioni mwetu. Hakuna aliyekumbuka kwamba aluminiamu ni sufuria ya mama iliyo jikoni, na sufuria haichomelewi kwa moto wa geti.

Fundi alituachia keria yake bure na kuondoka ameshika kofia mkononi. Kaka yangu alikaa kwenye jiwe la mferejini. Nilingoja alaani, au anifokee kwa ajili ya keria yangu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mjomba hakusema," aliniambia baadaye.

"Hakujua kama kuna mimi," nikamjibu.

Hapo akacheka, akanivuta kichwa, nami nikacheka ili nisilie. Tuliendelea kwenda Kinoo kwa zamu, kila mtu Jumamosi yake. Baiskeli ilining'inia ukutani nje, ikapungua kidogo kidogo: gurudumu moja lilikwenda kwa mtu, kiti kikaenda kwa mwingine, na mifupa iliyobaki ikachukuliwa na wanaonunua vyuma vikuukuu. Keria peke yake haikumfaa mtu. Mama aliipigilia ukutani jikoni, akawa anaanikia vikombe.

Mwaka uliofuata kaka yangu alipata nafasi ya chuo ng'ambo, katika nchi ya baridi. Kwa mshahara wa mwalimu hilo lisingewezekana, kwa hiyo kanisa lilifanya harambee. Kila mtu alitoa: akina mama wa chama, wazee wa kanisa, mpishi wa Karen, jirani wa mlango wa tatu, fundi wa kuchomelea. Mchungaji alimshika kichwa, akasema kijana huyu si wa nyumba moja tena, ni wa kanisa zima. Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia, nikiwa na uchungu ambao sikuwa na ruhusa ya kuuonyesha, kwa sababu mtu anayeondoka kwa baraka za watu wote hufai kumlilia. Alipofunga begi lake niliona ameingiza jarida la baiskeli nyekundu, lile lenye ukurasa uliokatwa.

Alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Hiyo ikawa desturi. Mama alikuwa na simu ya mkononi kwa wakati huo, na aliiweka katikati ya meza kwenye kitambaa alichofuma, akaiwekea sauti kubwa, maana waliotoa walikuwa na haki ya kusikia. Sebule ilijaa. Chai ilimiminwa.

"Uko poa, mtoto wangu?"

"Niko poa kabisa, mum. Kila kitu iko sawa."

"Unakula?"

"Chakula ni mob, hadi kinabaki. Mnaweza kushangaa."

"Na baridi?"

"Baridi ni ya kawaida tu. Mtu anazoea."

"Masomo?"

"Masomo iko juu."

Akina mama wakasema Bwana asifiwe. Fundi akafuta macho. Mama yangu aling'aa, na sikuwa na moyo wa kumnyima hilo. Lakini nilikaa kwenye kistuli kando ya mlango wa jikoni nikisikiliza, Jumapili baada ya Jumapili. Chumba kilikuwa kizuri. Watu walikuwa wazuri. Theluji ilikuwa nzuri. Hakuna siku aliyosema hata viatu vimembana. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, na sasa alikuwa ananisomea kurasa za sifa tupu akidhani nimesahau.

Jumapili moja nilishindwa. Nilisogea mezani nikasema, "Na kasoro ni gani?"

Nilisikia kama mlango unafungwa huko kwake. Nyuso zote za sebule zikanigeukia, kwa sababu swali lilikuwa la utovu wa adabu.

"Hakuna kasoro, siz," akasema.

Nikachukua trei nikaenda kuosha vikombe. Mama alinifuata jikoni. "Kwani una nini wewe? Asifuye mvua imemnyea. Yeye ndiye yuko huko." Nilimjibu ndiyo, mama. Sikumwambia yale mengine, kwamba aliyenyeshewa angetaja matope. Nilivipanga vikombe kwenye keria, kimoja kimoja, na nilimkosa kaka yangu kuliko siku aliyoondoka. Siku ile angalau nilijua niliyekuwa nikimkosa. Huyu wa kwenye simu alikuwa mwema mno, sikumfahamu.

Siku hizo ndipo nilipomwelewa Mjomba. Nilikuwa nimedhani mtu anaisifu baiskeli kwa sababu ni mwongo au kwa sababu amelipwa. Sikuwa nimefikiria kwamba pengine naye alikuwa na sebule yake imejaa, watu waliompa kila kitu, wamekaa kwenye viti wameshika chai, wanamngoja aseme ni nzuri. Kaka yangu alikuwa amekula kwetu. Chumvi ingezidi vipi?

Miaka ilipita. Vijana wengine walioondoka walikuja kuoa, wakarudi. Yeye kila tulipomuuliza alikuwa wa mwaka ujao. Shosho alipofariki hatukumwona. Tulimweka kwenye sauti kubwa pale Kinoo, kati ya viti vya kukodi, na akasema maneno mazuri juu ya mapenzi ya Mungu, na kwamba mitihani imemzuia. Sauti yake haikutetemeka. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilikaa kwenye shamba la marehemu, chini ya migomba, nikimlaumu kaka yangu kwa kutokulia, kisha nikalia kwa niaba yake.

Mimi nilimaliza shule, nikasomea ukatibu, nikapata kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa na tabia ambayo wenzangu waliicheka: nilikwenda kuinama. Nilikuwa natafuta lile toleo la jarida, lililokamilika, lenye ukurasa wake. Wauzaji walinizoea. "Siste, hiyo ni ya zamani, hata wenye waliandika wamesahau," mmoja aliniambia. Nilijaribu pia kwenye saiba, kwenye mtandao wa kulipia, ambako siku hizo kila mtu duniani alikuwa ameanza kuandika maoni yake kuhusu kila kitu. Wengine walisema hii, wengine ile, wote kwa hasira. Juu ya baiskeli nyekundu ya wakati wetu hapakuwa na hata neno. Ukiniuliza nilikuwa nalitakia nini jarida lile, nitakwambia ukweli: niliona kwamba nikiijua ile kasoro moja, nitakuwa na jambo la kumpigia simu ambalo si la sebuleni.

Ilikuwa Jumatano, saa za chakula. Nilikuwa nimeinama pale karibu na River Road, mkono mmoja umeshika sketi, mwingine unapekua, simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ndefu.

"Sasa, siz."

"Poa." Nikasimama. Hakuwahi kupiga kwangu, wala katikati ya wiki. "Kuna shida?"

"Uko na watu?"

Nikatazama mbele na nyuma. Mikokoteni, honi, mhubiri mwenye spika, umati wote wa mji. "Niko peke yangu," nikamwambia.

Akacheka, kicheko kile cha kwenye ngazi. "Naskia uko tao." Kisha akavuta pumzi. "Nimeipata."

"Nini?"

"Ile red."

Alikuwa ameikuta mbele ya nyumba ya watu, wametoa vitu vyao nje kuuza, vilevile kama Karen. Imechakaa, rangi imechubuka, lakini ni yenyewe. Alikuwa akiipanda kwenda kazini. Nikamuuliza kazi gani, kwa sababu kwetu alikuwa bado mwanafunzi. Basi akaanza kusema. Alisema polepole, kwa mpangilio, kama Mjomba, hatua kwa hatua. Chuo alikiacha zamani, karo ilimshinda mwaka wa pili. Alikuwa anawaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee, na mmoja wao alifanana na shosho mpaka akashindwa kumtazama. Chumba chake kilikuwa chini ya ardhi. Baridi haizoeleki, ni uongo, mtu anaumwa hata meno. Siku ya mazishi ya Kinoo alikuwa amekaa chooni kazini, kwa sababu ndipo palipokuwa na mlango wa kufunga, na alijiuma mkono ili sauti isitetemeke.

Sikumkatiza. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya wauza vitabu na sikujali. Ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha. Alikuwa anarudi kwangu, kasoro baada ya kasoro.

"Usiambie mathe," akasema.

"Utamwambia mwenyewe. Ukikuja." Nikapangusa uso. "Na baiskeli ikoje?"

"Ni noma. Mjomba hakudanganya. Inapanda mlima hata hujui ni mlima. Breki iko poa, hata kwa mvua."

"Na ile kasoro? Ile moja?"

Nilisikia upepo huko alikokuwa, na kitu kama gurudumu linalozunguka hewani.

"Ni ile ulisema," akasema. "Haina keria."

Muuzaji aliniuliza kama nachukua kitabu au naacha, nikamwashiria angoje.

"Keria yako iko," nikasema hatimaye. "Mum anaanikia vikombe."

"Na kale kamto?"

"Kako."

"Msitupe," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, hakuizuia.

Nikajua ameipanda.